Jaji O'Neall wa Newberry: mkono mmoja, vitabu viwili

Hamjambo huko nyumbani, Dar, Mombasa, Bukavu, na kote mnakotutazama. Leo tuko Newberry, South Carolina, mbele ya mahakama ya zamani. Ngoja nisogeze kamera, muione ile pembetatu chini ya paa. Tai kashika kwa kucha mti wa palmeto, jamii ya mitende, uliong'olewa na mizizi yake. Kuna jogoo kifua mbele, na njiwa mwenye tawi la mzeituni. Jengo ni la 1852, ila mchongo uliwekwa baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, ambavyo jimbo hili lilijitenga likashindwa. Palmeto ni nembo ya jimbo, tai ni serikali ya Washington. Hapo hahitajiki mkalimani.

Mtu wetu wa leo hakuuona mchongo huu. John Belton O'Neall alizaliwa 1793 kando ya mto Bush, hapa hapa Newberry, akafa Desemba 1863, vita vikiendelea. Akawa wakili 1814, spika wa bunge la jimbo kuanzia 1824, jaji kuanzia 1828. Kazi ya ujaji hakuiacha hadi kaburini, na mwishoni alikuwa jaji mkuu. Katikati ya hayo aliongoza kampuni ya reli ya Greenville na Columbia, na akapiga vita ulevi nchi nzima. Tuyaache hayo, twende kwenye maandishi.

Cha kwanza ni Annals of Newberry, historia ya wilaya yake, kilichochapishwa 1859. Msitarajie historia iliyopangwa. Ni kumbukumbu za mzee anayejua nani alikuwa na kinu wapi, nani alifundisha shule gani, wakili yupi alikuwa na ulimi. Anaruka kutoka familia hadi familia, na tarehe nyingi zatoka kichwani mwake. Zihakikisheni kwingine kabla ya kuzitumia.

Sehemu iliyo tamu kuliko zote ni ile ya Wakweka. Watazamaji wa Vihiga mnawajua: ndio Friends, madhehebu ya Kikristo, wale ambao wenzao wa Marekani walifungua misheni ya Kaimosi mwaka 1902. Wazazi wa O'Neall walikuwa wa dini hiyo, na mto Bush ulijaa Wakweka. Mwanzoni mwa miaka ya 1800 akapita mhubiri wao, Zachary Dicks, akawaonya: tokeni kwenye nchi ya utumwa, yasije yakawakuta ya Haiti, ambako watumwa waliasi na kuwaua wazungu. Wakaingiwa na hofu, wakauza ardhi, wakahamia Ohio, jimbo lisilo na utumwa. Anaandika kwamba kufikia 1807 makazi yale yalikuwa yamebadilika watu kwa kiasi kikubwa, na ardhi nzuri ilitoka kwa dola 3 hadi 6 ekari moja. Yeye, nusu karne baadaye, anaona ardhi ile ile ikiuzwa dola 10 hadi 20. Anapiga hesabu ya hasara kama mfanyabiashara. Lakini yeye alibaki, na akamiliki watumwa wengi.

Sasa ushikeni mwaka 1834. Baada ya mvutano kati ya jimbo na serikali ya Washington, South Carolina ilitaka maofisa wa mgambo waape utii kwa jimbo. Edward McCrady wa Charleston akakataa, akanyimwa cheo, kesi ikafika mahakama ya rufaa yenye majaji watatu. O'Neall na David Johnson wakasema kiapo kile kinakiuka katiba, wa tatu akapinga. Mbili kwa moja. Bunge lilikasirika, na mwaka uliofuata likaifuta mahakama yenyewe! Ujasiri huo mpeni, anaustahili.

Mwaka huo huo wa 1834, katika kesi ya Maner, ni O'Neall aliyeandika kwamba kwa common law, yaani sheria ya mahakama iliyorithiwa kutoka Uingereza, kosa la shambulio haliwezi kutendwa juu ya mwili wa mtumwa. Haki ya kulindwa mwili wake ni ya bwana wake, na bwana ndiye anayeweza kudai fidia. Na Desemba bunge likapiga marufuku kuwafundisha watumwa kusoma.

Ndipo tunafika kitabu cha pili, The Negro Law of South Carolina, 1848, chini ya kurasa 60. Amekusanya sheria zote za utumwa za jimbo, na njiani anazikosoa. Ile marufuku ya kusoma, anasema, ifutwe. Sheria zinazomzuia bwana kumwacha huru mtumwa wake, nazo zifutwe. Bunge halikumsikiliza. Lakini msichanganye: anataka kurekebisha utumwa, hataki kuumaliza. Miaka michache kabla ya hapo alikuwa amemhukumu kunyongwa mzungu mmoja, John L. Brown, kwa kumsaidia mwanamke mtumwa kutoroka. Uingereza na Scotland zilipiga kelele, gavana akaibadili adhabu, Brown hakunyongwa.

Kwa mnaotafuta ukoo hapa, kwanza tahajia: O'Neall ni kwa l mbili. Pili, kati ya 1800 na 1868 Newberry iliitwa wilaya, si kaunti, hivyo ukitafuta kaunti kwenye karatasi za 1820 utatoka mikono mitupu. Tatu, toleo la Annals la 1892 lina sehemu ya pili ya John A. Chapman. Wengi humtaja O'Neall kwa matukio ya baada ya 1863, marehemu wa watu!

Mwaka 1850 zaidi ya nusu ya wakazi wa Newberry walikuwa watumwa. Kwenye Annals chukueni majina ya mabwana, kisha fungueni orodha za watumwa za sensa ya 1850 na 1860. Mtakuta jina la bwana, na chini yake umri, jinsia na rangi tu. Sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwaandika waliokuwa watumwa kwa majina. Kuunganisha orodha hizo na sensa ya 1870, nendeni kwenye orodha za mirathi, mwaka aliokufa bwana. Humo mtakuta jina la mtu, bei yake kwa dola, na mstari unaofuata ni nyumbu wa kazi.