Alama Zimo, Maandishi Bado

Wanafunzi wangu, nimeshalisema hili mara nyingi na leo nalisema tena: kuziingiza hieroglifi, zile alama za picha za maandishi ya Misri ya kale, kwenye kompyuta ni jambo moja, kuyaingiza maandishi yenyewe ni jingine.

Chukueni jina la mfalme Ptolemaio kwenye Jiwe la Rosetta, jiwe lenye tangazo moja kwa hieroglifi na kwa Kigiriki, jina lile lililompa Champollion, Mfaransa aliyefumbua hieroglifi, pa kuanzia mwaka 1822. Mraba mdogo wa sauti ya P umekaa juu, na kipande cha mkate cha T kiko chini yake. Kinafuata kitanzi cha kamba. Halafu simba aliyelala, na chini ya tumbo lake, alama ya M. Mwishoni majani mawili ya tete na kitambaa kilichokunjwa, yaani S. Jicho linashuka kwanza, ndipo linasogea mbele. Huo ndio uandishi wao.

Sasa Unicode, ule mfumo wa kimataifa unaoipa kila herufi namba yake kwenye kompyuta, ilipozipokea hieroglifi mwaka 2009, alama 1,071 zilipewa namba, nyingi kutoka kwenye orodha ya Gardiner, mtaalamu wa lugha ya Misri ya kale. Ni kazi kubwa, naiheshimu. Lakini zilipangika mstarini tu, moja baada ya nyingine kama shanga: mraba, mkate, kitanzi, simba. Jina lile halikuandikwa hivyo! Tukangoja mpaka 2019 ndipo zikaja alama tisa za mpangilio. Moja huiambia kompyuta iweke hii chini ya ile, nyingine iziweke ubavu kwa ubavu, nyingine ibane ndogo kwenye kona ya kubwa. Karibu miaka kumi, wakati wataalamu walikuwa na mbinu yao tangu 1988, ile Manuel de Codage, mwongozo wa kuandika hieroglifi kwa herufi za kawaida: unaandika p:t, na nukta pacha peke yake inasema T iko chini. Jambo lilikuwa linajulikana.

Atatokea mtu aniulize, kwani picha ya kamera haitoshi? Haitoshi hata kidogo. Iambie kompyuta ikutafutie kila ukuta wenye jina la Ptolemaio. Kama una picha tupu, utakaa uzikague moja moja mpaka macho yaume. Na anayesema lugha yenyewe ilishakufa, ni kweli maandishi ya mwisho ya hieroglifi tunayoyajua yalichongwa kisiwani Philae, kusini mwa Misri, mwaka 394, lakini kamusi zake zinatungwa hadi leo na vijana wa Cairo wanaisoma chuoni. Hao waandike kwa kutumia nini?

Mwaka 2024 zikaongezwa kwenye Unicode alama 3,995, zikiwemo za mahekalu ya enzi ya akina Ptolemaio. Hapo kuna mengi, na suala la alama za ndege na watu kutazama kulia au kushoto sijaligusa, muda umeniishia.

Ila jaribuni kulifungua jina lile kwenye simu zenu. Mkiona visanduku vitupu, fonti, yaani faili lenye maumbo ya alama, haimo. Mkiziona alama lakini simba na M wamekaa sambamba, fonti imo ila haijui kupanga. Atakayekwenda kutengeneza fonti kati yenu, namwomba aanze na hilo la pili.