Tawi la makaa ya mawe kwenye reli ya mezani: reli chache, kazi nyingi

Karibuni. Leo, hapa Kigoma, tunaunda tawi la makaa ya mawe la treni ya mfano. Wengi wakishalijenga huchoka nalo mapema: treni inapanda na mabehewa matupu, inashuka na yaliyojaa, basi. Halafu mtu anaanza kununua reli za kuongeza. Usiongeze reli. Lipe kila behewa sababu ya kuwa pale lilipo.

Reli ya Kati haina tawi la makaa ya mawe, ila lile la Kaliua hadi Mpanda lilijengwa kwa ajili ya mgodi wa risasi. Umbo hilo linatutosha: stesheni ya kuungania, njia moja ndefu, mgodi mwishoni. Kazi zenyewe tunazichukua kwenye migodi ya West Virginia, Marekani.

Anza na plaiwudi moja ya futi 8 kwa 4. Ipasue kwa urefu, upate vipande viwili vya futi 8 kwa 2, uvipange kama herufi L. Kipimo ni 1:87, reli za upana wa mm 16.5 kwa sababu ndizo rahisi kupata. (Reli yetu ya mita moja ingetaka mm 12, lakini vifaa vyake ni adimu na ghali.)

Mlima: pandisha cm 3 kwa kila mita, ila cm 30 za mwanzo na za mwisho ziwe nusu ya hapo. Ukianza mlima kwa ghafla, ndoano za mabehewa mawili zinapishana juu na chini, zinaachana, na nusu ya treni inarudi stesheni peke yake.

Sasa mgodi, na hapa tukae kidogo. Mnara wa kupakilia uwe na njia tatu chini yake: ya kwanza ya makaa ya mabonge, ya pili ya saizi ya kati, ya tatu ya chenga. Mgodini makaa huchekechwa, na kila saizi inashukia njia yake. Mabehewa matupu yanasukumwa hadi upande wa juu wa mnara, kisha yanateremshwa moja moja chini ya mdomo, na yaliyojaa yanasubiri upande wa chini. Kwa hiyo kila njia iwe na cm 45 upande wa mlimani wa mnara na cm 45 upande wa mteremkoni, yaani mabehewa matatu ya cm 15 kila upande. Kosa kubwa ni kuuweka mnara mwisho wa reli. Hapo huna pa kuweka matupu. Pembeni weka njia fupi ya vifaa: magogo ya kushikilia dari la mgodi, dizeli, mashine.

Njia ya kuzungushia kichwa cha treni (njia ya pembeni ya kukipitisha kichwa hadi upande wa pili wa mabehewa) ibebe mabehewa manne tu, lakini treni ije na mabehewa manne na breki ya gadi, yaani behewa la gadi, nyuma. Makusudi hayo. Breki lazima ibaki chini ya pointi, pale reli zinapogawanyika, umbali wa cm 25 ili kichwa kipate pa kutokea. Lakini pale ni mteremko, itaondoka. Tazama hapa karibu: toboa tundu la mm 1 katikati ya reli, pitisha unyoya mmoja wa ufagio wa plastiki toka chini, utokeze kiasi cha kugusa ekseli. Behewa lililoachwa linazuiliwa, kichwa kinapita bila kuhisi kitu. Ukiwa mrefu mno, unalinyanyua gurudumu na treni inaanguka. Punguza kidogo kidogo kwa wembe.

Mzigo wenyewe: kata sponji ngumu itoshee ndani ya behewa, gundisha washa ya chuma juu yake, paka gundi nyeupe ya mbao, kisha nyunyiza mkaa uliotwangwa. Pitisha mkaa kwenye kichujio cha chai: unaobaki juu ni mabonge, unaopita ni chenga. Acha usiku kucha, kung'uta, paka gundi iliyozimuliwa kwa maji mara ya pili. Ukiruka hatua hii, vumbi la mkaa linashuka kwenye reli na magurudumu, umeme unakatika, kichwa kinakwenda kwa kushtuka. Kupakua, shusha sumaku ya spika kuukuu, mzigo unanyanyuka. Uzito wa behewa usiwe wa chuma, sumaku italibeba lote. Tumia chubwi za wavuvi, ni risasi. Unawe mikono baadaye. Behewa la cm 15 lifike gramu 110 hivi.

Kadi sasa. Kwa kila behewa kata manila ya cm 6 kwa 10, andika namba yake. Chomeka hati ndogo yenye zamu nne, kwa mfano: (1) tupu, mgodini njia ya 3; (2) chenga, kiwanda cha saruji; (3) tupu, mgodini njia ya 1; (4) mabonge, bandarini. Bandari ya Norfolk, Marekani, ilikuwa ikichanganya makaa ya migodi mbalimbali kwa meli moja, hivyo mabehewa yalipangwa kwa daraja, si kwa kufuatana yalivyofika. Fanya hivyo stesheni ya kuungania, na nusu ya kazi ya siku iko hapo.

Kwenye kushuka, simama juu ya mlima sekunde 30 kama wafanyakazi wanaokaza breki za mabehewa. Chini, kila behewa lisimame peke yake juu ya mizani sekunde 10. Kabla ya kuanza, changanya kadi na uvute moja: behewa hilo ni bovu, halipakiwi. Likiwa katikati ya treni, utashanti, yaani kupangua na kupanga mabehewa, mpaka ukome.

Mkimaliza, nyanyueni mizigo ya stesheni muirudishe mgodini, geuzeni hati zamu moja mbele, na mabehewa yaacheni palepale yalipoishia.