Mia Mbili, Dakika Kumi

AKINYI: Karibuni tena, tuko Kisumu, jua linawaka. Ochieng, kabla hujafungua mdomo: Jumapili pale Kondele ulitoa shilingi ngapi?

OCHIENG: Hata salamu hakuna?

AKINYI: Ngapi?

OCHIENG: Mia mbili.

AKINYI: Na ukashika maikrofoni dakika kumi.

OCHIENG: Nane.

AKINYI: Wasikilizaji, ilikuwa harambee ya fundi wetu wa mitambo. Aliteleza jukwaani akivuta waya kwenye mvua, mguu ukavunjika mahali pawili. Miezi mitatu hajagusa mitambo. Bendi inapiga ohangla, ngoma ya Kijaluo, na anayetoa pesa ana haki ya kusimamisha muziki ajisifu. Pakruok, mnaijua. Huyu akaanza na babu yake.

OCHIENG: Babu alistahili kutajwa.

AKINYI: Na dume la babu?

OCHIENG: Lile dume lilikuwa na jina, Akinyi. Huwezi kuliruka.

AKINYI: Mia mbili, omera! Ng'ombe mzima, pembe, rangi, mpaka mto aliokunywa maji!

OCHIENG: Watu walicheka, na waliocheka wakatoa. Baada yangu jamaa akatoa elfu tano ili tu ninyamaze.

AKINYI: Hiyo ni kweli. (Kicheko.) Lakini mimi nilikuwa namwangalia mgonjwa. Amewekwa mbele, mguu wa plasta juu ya kiti, kila anayepita anautazama. Mtu ambaye miaka yote anasimama nyuma ya spika asionekane.

OCHIENG: Bili ya hospitali imelipwa lakini.

AKINYI: Imelipwa. Kodi ya nyumba je? Mwezi ujao tumkalishe tena? Mirabaha ndiyo usiseme. Vyama vya haki za muziki vipo: MCSK ni ya watunzi na wachapishaji, PRISK ni ya waimbaji na wapigaji ala, KAMP ni ya watayarishaji. Anayebeba spika hayumo popote. Na SHA, bima ya afya ya serikali, asiye na mshahara analipa ya mwaka mzima kwa mkupuo. Hata ukiwekwa kile kiwango cha chini, mia tatu kwa mwezi, hiyo ni elfu tatu na mia sita mara moja. Mtu wa kulipwa shoo ikiisha, tena nusu!

OCHIENG: Nusu, na soda.

AKINYI: Kuna nchi zina mifuko ya kudumu ya kusaidia wanamuziki. Marekani wana MusiCares tangu 1989. Australia wana Support Act, inasaidia hata mafundi wa taa na wabeba vyombo. Uingereza ilianza 1921: mwimbaji anaitwa Gervase Elwes aligongwa na treni Boston, Marekani, akafa, marafiki wakachanga kwa kumbukumbu yake, na mchango ule ndio leo unaitwa Help Musicians.

OCHIENG: Ngoja. Walichanga alipokufa?

AKINYI: Ndiyo.

OCHIENG: Basi hao ni Wajaluo!

AKINYI: (Kicheko.) Tofauti ni kwamba hawakuishia kwenye mazishi. Nami nasema kila bendi hapa ikate mia moja kila shoo, iwekwe. Mwenye shida aombe kimya kimya, asaidiwe, nisijue.

OCHIENG: Hapo ndipo nakataa. Usijue? Nani ataamua kwamba shida yake ni ya kweli? Nani ameshika pesa? Tumeona vyama vingapi mweka hazina amebadilisha laini ya simu? Pale Kondele kila shilingi ilitajwa mbele ya watu mia.

AKINYI: Kwa hiyo aibu yake ndiyo risiti yako.

OCHIENG: Unaiita aibu wewe. Mimi naona mtu aliyeletwa mbele na watu wake.

AKINYI: Umemuuliza?

OCHIENG: Wewe umemuuliza?

AKINYI: ...Hapana.

OCHIENG: Haya.

AKINYI: Lakini alikuwa anatazama chini, Ochieng. Dakika zako zote kumi.

OCHIENG: Nane. Na pengine mguu ulikuwa unamuuma.

AKINYI: Mimi nikianguka, usiniitie bendi.

OCHIENG: Mimi nikianguka, iite. Na usinipeleke kwa kamati ya kujaza fomu. Nitakufa nikisubiri muhuri.

AKINYI: Sikubali.

OCHIENG: Hata mimi.

AKINYI: Nilikuwa nimeandika mambo matatu ya kuwaambia bendi changa, la kwanza mkataba na mafundi kabla ya...

OCHIENG: Wale wa kwaya wamefika, wako mlangoni na kinanda chao. Saa yetu imekwisha.

AKINYI: Nani amekula muda?

OCHIENG: Usinitazame hivyo.

AKINYI: Haya, wiki ijayo. Ila nimesahau, lile dume liliitwa nani?

OCHIENG: Hiyo ni mia mbili.