Kanga ya Shangazi Ilikuwa Imeandikwa Nini?

Asalaam aleikum, na habari za asubuhi. Walionialika wametaka nizungumzie namna ya kuweka picha mtandaoni zikafikiwa na watu wenye ulemavu. Mimi si mtu wa kompyuta. Ni mpiga picha za harusi kutoka Tanga, na humu ndani naona wengi tunakula sahani moja. Kwa hiyo nitaanza na harusi.

Kuna harusi niliipiga, picha 212. Nikazipandisha zote kwenye tovuti yangu, nikawatumia wenyewe kiungo kwa WhatsApp, nikalala usingizi wa mtu aliyelipwa. Kesho yake napigiwa simu na mjomba wa bibi harusi. "Mwanangu, nimesikiliza picha zako." Nikadhani ulimi umeteleza. Kumbe mzee yule haoni, na simu yake humsomea kila anachokigusa. "Nimefika ya arobaini nikachoka. Kila nikigusa, naambiwa ai-emu-ji 4827, ai-emu-ji 4828. Sasa hapo nani kaolewa, mpwa wangu au kamera yako?"

Mnacheka. Mimi siku ile sikucheka.

Nikaenda kwa kijana mmoja anayetengeneza tovuti, akanieleza. Ile sauti ni ya programu inayoitwa kisomaskrini. Kwenye simu za Android ni TalkBack, kwenye iPhone ni VoiceOver, na kwenye kompyuta wengi hutumia NVDA, ya bure, iliyoanzishwa mwaka 2006 na kijana wa Australia asiyeona, akaungana naye mwenzake ambaye pia haoni. Kazi yake kubwa ni kusoma maandishi. Ikikuta picha isiyo na maandishi nyuma yake, mara nyingi hunyakua kilicho karibu, yaani jina la faili, jina lililotungwa na kamera, kama IMG_4827. Na mahali pa kuandika maelezo si jambo jipya. Picha zilianza kuingia ndani ya kurasa za wavuti mwaka 1993, na kufika 1997 kanuni za HTML, lugha inayoandikiwa kurasa za wavuti, zilikwisha kutaka kila picha iwe na maelezo mbadala. Kwenye WordPress, mfumo ambao wengi hutengenezea tovuti, kisanduku chake kiko palepale pembeni unapopandisha picha. Tunakipita kila siku kama mtu anavyompita jirani anayemdai.

Basi nikarudi kazini, nikaanza kuandika. Nilipofika picha ya sitini hivi nikampigia mzee, nimsomee nione kama nafanya sawa. "Mwanamke aliyevaa kanga nyekundu amesimama nyuma ya bibi harusi." Akaniuliza, "Kanga imeandikwa nini?"

Sikujua. Picha nimeipiga mwenyewe, nimeisafisha rangi mwenyewe, na jina la kanga sikulisoma. Nikaivuta kwenye kioo: HASIDI HANA SABABU. Nikamsomea. Kimya kidogo, kisha mzee akacheka mpaka akakohoa. "Shangazi mtu huyo! Katuvalia sisi watu wa upande wa mama! Na mimi nimekaa naye jirani nakula pilau, namsifia harusi ilivyopendeza, sina habari!"

Hapo ndipo nilipoelewa kazi yangu. Ukumbini kila mwenye macho aliisoma ile kanga. Wapo walionong'onezana, wapo waliominya midomo. Mtu mmoja tu ndiye aliyeachwa nje ya utani wa familia yake, na maelezo yangu ya kwanza yalimwacha nje mara ya pili. Rangi nyekundu nilimpa. Maneno, ambayo ndiyo sababu ya kuvaliwa kwa kanga ile siku ile, nilimnyima. Fundi wa tovuti asingeweza kunisaidia hapo. Anajua kisanduku kilipo, ila hajui kwa nini nilibonyeza kamera sekunde ile. Ninayejua ni mimi.

Kwa hiyo mkiniuliza tuandike nini, nitawauliza: picha hii uliipigia nini? Andika hicho, sentensi moja au mbili. Usianze na "Picha ya", kwa sababu kisomaskrini kimeshamtangazia msikilizaji kwamba hii ni picha. Kama kwenye picha kuna maandishi, ya kanga, ya bango, ya nyuma ya daladala, yasome. Mapambo matupu, yale maua ya pembeni mwa ukurasa, yawekee maelezo matupu kwa makusudi (fundi huandika alt=""), programu ivuke. Ila kuacha tupu kwa makusudi na kusahau kuandika ni vitu viwili: ukisahau, ai-emu-ji inarudi. Na Kiswahili kinatupa nafuu moja ambayo Kiingereza hakina. Mtoto aliye mgongoni mwa mama yake "amelala", basi. Hulazimiki kubahatisha ni wa kike au wa kiume.

Niwaambie na siri ya biashara. Nilipoanza kuelezea picha 212, thelathini zilikuwa za keki. Ya kumi na mbili ya keki utaiandikia nini? Nikagundua sina la kusema kwa sababu picha yenyewe haina la kusema. Nikazitoa, na nyingine nyingi za namna hiyo. Albamu ikabaki na picha 90, na wateja wanaoona ndio waliokuwa wa kwanza kunisifu.

Naona mkono pale nyuma. Ndiyo, ndugu... Anauliza kama mashine haiwezi kutufanyia kazi hii. Inaweza kukusaidia. Facebook walianza kuelezea picha kwa mashine Aprili 2016, na wakati ule ilikuwa inasema kitu kama "huenda picha ina watu watatu, wanatabasamu, nje". Za siku hizi zimeendelea mno, nyingine zitakusomea hata kanga. Chukua ilichoandika uwe mwanzo wako. Lakini kwamba aliyevaa ni shangazi, na kwamba waliosimama mbele yake ni upande wa mama, hilo itabidi uliongeze wewe uliyekuwepo.

Kuna kosa jingine ambalo wengi humu mnalo na hamlijui. Tovuti nyingi tunazonunua zimeandikiwa ndani, juu kabisa kwenye maandishi ya fundi yasiyoonekana, kwamba lugha yake ni Kiingereza. Basi hata ukiandika Kiswahili sanifu, kisomaskrini kitakisoma kwa kinywa cha Kiingereza. Mzee aliniambia "bibi harusi" ilitoka kama jina la dawa. Mwambie fundi wako abadilishe pale palipoandikwa lang="en" aweke lang="sw". Ni herufi mbili. Sauti ya Kiswahili ipo, eSpeak, programu ya sauti inayokuja na NVDA, inayo.

Nimekaa sana kwa wasioona, wengine nisiwasahau. Ndugu zetu wenye ualbino, ambao makadirio yanayotajwa sana kwa Tanzania ni mmoja katika kila watu 1,400, kwa kawaida wana uoni hafifu na mwanga mkali huwasumbua. Wao picha wanaiona, mradi waweze kuikuza. Halafu unakuta tovuti imefungwa, ukiitanua kwa vidole viwili haitanuki, eti muundo usiharibike! Fungueni. Maandishi ya kijivu juu ya nyeupe pia yaacheni. WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya tovuti zifikiwe na watu wenye ulemavu, unataka maandishi ya kawaida yaachane na mandhari yake kwa uwiano wa mwangaza wa angalau 4.5 kwa 1.

Picha zinazojibadilisha zenyewe ziwekeeni kitufe cha kuzisimamisha. Mwingine anasoma taratibu, mwingine kichwa kinamzunguka. Yupo ambaye mikono haimtii, hatumii kipanya, anakwenda kwa kibodi tu: akifungua picha ikajaa kioo, kitufe cha Esc kiifunge na kimrudishe kwenye picha ileile aliyotoka, asitupwe mwanzo wa ukurasa. Jaribu mwenyewe leo usiku, weka kipanya kando. Yangu ilinishinda kwenye picha ya pili. Na ukiweka video ya taarabu, andika maneno ya wimbo chini, maana kiziwi anawaona watu wanainuka kumtunza mwimbaji na hajui ni mstari gani uliowainua.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu tunayo tangu 2010, na mkataba wa Umoja wa Mataifa Tanzania iliuridhia mwaka mmoja kabla. Anayetaka kuzisoma azisome. Mimi nataka mtoe simu.

Wenye Android, nendeni Mipangilio, tafuteni TalkBack, muiwashe. Ukigusa mara moja inakusomea, ukigusa mara mbili inafungua, ukipeleka kidole kulia unakwenda kitu kinachofuata. Fungua tovuti yako mwenyewe, laza simu kioo kitazame juu, kisha fumba macho. Itafute picha uliyojivunia kuliko zote mwaka huu. Nawapa dakika kumi, na atakayekwama asizime, anyooshe mkono nimfuate.