Simu Imtambue Nyota Pichani Bila Intaneti

Karibuni tena jamani. Leo simu itazame picha iseme yenyewe: huyu Messi, huyu Kipchoge. Kazi hii naipenda mno, basi twende.

Fungua Android Studio, programu ya kutengenezea app za Android, anzisha mradi, ongeza ML Kit, zana ya Google ya kutafuta nyuso pichani, na TensorFlow Lite, ya kuendeshea modeli ndani ya simu. Hapo hamnihitaji.

Hapa sasa sikilizeni. ML Kit inajua uso ulipo, haijui ni wa nani. Inachora kisanduku tu. Jina tutalipata kwa modeli ya pili, yaani programu iliyofunzwa kwa mifano, FaceNet, ambayo watafiti wa Google waliieleza mwaka 2015. Hii niliyonayo inapokea uso wa pikseli 160 kwa 160 na kurudisha orodha ya namba 128 zinazoueleza uso huo.

Nakata uso... ngoja, skrini inang'aa, niinamishe simu kidogo. Haya. Mnaona? Tumepata bega la Kipchoge, uso haupo! Afadhali limetokea mkiona. Simu nyingi huhifadhi picha ikiwa imelala, kisha kwenye EXIF, maelezo yaliyofichwa ndani ya faili la picha, huandika kwamba igeuzwe. ML Kit ukiipa faili moja kwa moja inasoma EXIF na kuigeuza. BitmapFactory, kifaa cha Android cha kufungulia picha iwe bitmap, yaani pikseli tupu, haigeuzi. Kisanduku kimepimwa kwenye picha iliyosimama, wewe unakata iliyolala. Siku mbili nzima niliilaumu modeli bure! Geuza bitmap kwanza, halafu hiyo hiyo iliyogeuzwa uipe ML Kit, na hiyo hiyo uikate. Geuza kwanza.

Kila nyota mtafutie picha kadhaa: anacheka, kavaa kofia, kageuka upande kidogo. Nyuso ndogo ndogo za nyuma ya umati ziache, ML Kit inataka walau pikseli 100 kwa 100. Zilizobaki zikate, zipitishe kwenye modeli, hifadhi namba zake pamoja na jina la nyota. Na hizi pia, geuza kwanza!

Picha mpya ikija, pima umbali kati ya namba zake na ulizohifadhi. Aliye karibu zaidi ndiye. Lakini weka kikomo cha umbali, maana bila kikomo kila mtu ana wa karibu yake, na mpita njia ataitwa Messi. Mimi kikomo nakibana. Heri simu inyamaze kuliko kumpachika mtu jina la mwingine. Jaribu kwa picha zako mpaka kikae sawa.

Haya, naendesha. Messi... amepatikana. Kipchoge, huyo. Sasa uso wangu mwenyewe, ambao sikuuhifadhi: "Hajulikani." Safi kabisa!