Liacheni Jina Ukingoni

Nitarudia lile lile, anayelijua anivumilie. Ukipata kikombe cha fedha cha kuonjea mvinyo, kile kifupi kama kisahani, chenye jina la mtu limechorwa ukingoni, usikipeleke kwa sonara akalifute. Najua wauzaji wanavyosema: kikombe kisicho na jina ndicho kinachouzika. Kwa nani? Kwa asiyejua anachonunua!

Mtengeneza mvinyo wa Burgundy, kule Ufaransa, alishuka nacho pishini, mshumaa mkononi, gizani. Ndani, upande mmoja kina vinundu vya duara, upande wa pili mifereji iliyopinda. Mwanga unapiga kwenye fedha, unarudi kupitia mvinyo, naye anaiona rangi, anajua kama umetulia au bado una machicha. Ni zana ya kazi iliyoshinda mfukoni, na zana ya kazi mwenyewe huiandika jina isije ikapata miguu. Ukilifuta umebaki na kisahani.

Halafu halifutiki bure: fedha inakwanguliwa. Shika ukingo kwa kidole gumba na cha shahada, uzungushe polepole. Ukifika palipofutwa utahisi pamekuwa pembamba. Kipumulie. Kabla ya mvuke kukauka, mara nyingine kivuli cha herufi hujitokeza. Na kikombe hicho kilichochunwa ndicho kinachopandishwa bei! Mnacheka, lakini mnalipa.

Bwana wa kule nyuma ameshanyosha mkono, na swali lake nalijua: wewe hata mvinyo hunywi, vikombe vya nini? Bwana wangu, wanaokusanya majambia wamemchinja nani? Tuendelee.

Mihuri, sasa, zile alama ndogo zinazogongwa kwenye fedha. Nilikusudia kuieleza yote, ila saa imenikimbia. Kichwa cha Minerva, mungu wa kike wa Warumi, ni muhuri wa serikali ya Ufaransa, kilianza 1838: kwa vikombe vya zamani, chenye namba 1 ni fedha safi sehemu 950 kwa 1,000, chenye namba 2 ni 800. Muhuri wa sonara ukiwa ndani ya umbo la almasi, hiyo ni fedha. Ukiwa ndani ya mraba, ni metali nyingine iliyopakwa fedha, na vya namna hiyo vimejaa tele, vya ukumbusho tu. Vya kabla ya Mapinduzi ya Ufaransa ya 1789 vina mihuri ya aina nyingine kabisa, kila mji na yake, hivyo vinataka siku yake. Vya Bordeaux, mji mwingine wa mvinyo kule kule Ufaransa, visivyo na mshikio na vyenye kichuguu katikati, leo sivigusi.

Maswali? Kama ni la kung'arisha kwa mashine, jibu ni hapana.