Kuvuta Bila Kusita: Mhadhara kwa Wanaojifunza Rivolva

Ndugu zangu, rivolva zilizo hapa mbele, yaani bastola zenye silinda ya risasi inayozunguka, zimefunguliwa silinda na hazina risasi. Hata hivyo kila atakayeishika aikague tena mwenyewe.

Mnaosema rivolva ni ngumu kufyatua mnasema kweli. Ukianza kwa kuivuta nyundo, kile kipande cha nyuma kinachopiga risasi, kwa dole gumba, kifyatulio hudai kilo 2 hivi, pengine chini ya hapo. Ukiiacha nyundo mahali pake, kidole cha shahada kitazungusha silinda, kitarudisha nyundo nyuma na kuiachia, vyote kwa mvuto mmoja wa takriban kilo 5. Rivolva ya Robert Adams, iliyotoka London mwaka 1851, haikuwa na njia nyingine ila mvuto huo mrefu.

Kosa ninaloliona zaidi halitokani na udhaifu wa kidole. Mtu huvuta nusu, akasita, akangoja alama za kulengea zikae sawa, kisha akamalizia kwa pupa. Hapo mtutu unainama na risasi inakwenda chini. Wapo walenga shabaha hodari wanaosita kwa makusudi, na siwalaumu. Kwa anayejifunza nakataa kabisa. Ukishaanza, endelea kwa mwendo uleule mpaka nyundo ianguke. Alama ya mbele itatikisika kidogo. Iache itikisike, ilimradi macho yako hayaiachi.

Mpini ushike juu, na ukaze kabla hujaanza kuvuta. Ukikaza vidole vyote wakati wa kuvuta, bastola nzima inapinda. Kidole kiingie hadi karibu na mkunjo wa kiungo cha kwanza, maana ncha peke yake haina nguvu hiyo.

Kuachia nako kuna kazi yake, na wengi hawakufanyii mazoezi. Mwenye haraka hukiachia kifyatulio nusu njia, akavuta tena. Mitambo ikakwama, au silinda ikazunguka nyundo isipige, na risasi nzima ikarukwa. Kidole kisiachane na kifyatulio, kikisindikize mpaka kirudi mbele kabisa.

Leo mtajaziana silinda, risasi zikichanganywa na maganda yaliyokwisha kupigwa, na mpigaji asijue kipi kinafuata. Nyundo ikiangukia ganda, hakuna mshindo wa kuficha chochote: mtutu ukichupa, nyote mtauona. Vaeni kinga za macho na masikio. Tunaanza na waliokaa kushoto.